Tuhifadhi Nini?

Mwulize kijana wa Eldoret kama yeye ni mhafidhina na huenda akakucheka. Hilo ni neno la taarifa ya habari, la wazee wa Uingereza na Marekani wanaobishana bungeni. Lakini kaeni kidogo, agizeni chai, halafu umsikilize. Anaamini ndoa ni jambo la familia mbili, si la watu wawili pekee. Anaamini shamba lenye kaburi la babu haliuzwi. Anaenda kanisani, au angalau anajua kwamba angefaa kuwa anaenda. Hapendi serikali imwambie namna ya kulea mtoto wake. Anamheshimu mtu aliyejitengeneza mwenyewe, awe mwanariadha aliyejenga fleti Elgon View ama mama aliyesomesha watoto watano kwa kibanda cha mboga. Na ukitaja ushuru tu, uso unabadilika.

Huyo ni mhafidhina, hata kama jina hilo halimpendezi. Neno lenyewe linatoka kwenye mzizi mmoja na "hifadhi". Mhafidhina ni mtu anayeona kuna kitu chema ambacho amekikuta, na anataka watoto wake pia wakikute. Mimi sina ugomvi na hamu hiyo. Mengi katika orodha yake yamo kwenye yangu.

Shida ni kwamba imani yake ina nusu mbili ambazo hazipatani. Nusu ya kwanza inataka nyumba, ardhi, ujirani na kazi ya heshima vidumu. Nusu ya pili, ambayo aliipokea bila kuihoji sana, inasema kwamba sera nzuri ya uchumi ni kupunguza ushuru na kuliacha soko lijiendeshe. Historia ya mji huu kwa miaka zaidi ya thelathini inaonyesha kwamba nusu ya pili, ikiachwa peke yake, inaila ile ya kwanza. Swali langu ni la kimaadili kabla halijawa la hesabu: mtu anayesema anataka kuhifadhi, anadaiwa nini na vitu anavyovihifadhi?

Fomula ilivyotufikia

Wazo kwamba uhafidhina ni sawa na ushuru mdogo na soko huria si la kale. Margaret Thatcher aliingia madarakani mwaka 1979, na bajeti yake ya kwanza ilishusha kiwango cha juu cha ushuru wa mapato Uingereza kutoka asilimia 83 hadi 60. Ronald Reagan alipoapishwa Marekani mwaka 1981, kiwango cha juu kilikuwa asilimia 70. Sheria alizotia sahihi zilikifikisha 28. Kabla ya hapo wahafidhina wengi hawakuwa na imani kubwa hivyo katika soko. Otto von Bismarck wa Ujerumani, mtu ambaye hakuna angeweza kumwita mjamaa, ndiye aliyeleta bima ya afya ya wafanyakazi mwaka 1883 na pensheni ya uzeeni mwaka 1889. Aliona kwamba mfanyakazi asiye na hakika ya kesho hana sababu ya kulinda jamii ya leo.

Kwetu fomula mpya ilikuja ikiwa imeambatanishwa na mikopo. Kenya ilipata mkopo wake wa kwanza wa marekebisho ya uchumi kutoka Benki ya Dunia mwaka 1980. Waraka wa Bunge Nambari 1 wa mwaka 1986 ulikubali rasmi kwamba soko ndilo litakaloongoza. Serikali ilisuasua, Novemba 1991 wafadhili wakasitisha misaada, na kufikia mwaka 1993 mambo yakaenda kasi: leseni za kuagiza bidhaa zikaondolewa, udhibiti wa fedha za kigeni ukalegezwa, soko la mahindi likafunguliwa. Wakati huo ilisemwa kwamba hakuna njia nyingine.

Sasa tazama ramani ya Eldoret ya wakati ule. Kulikuwa na Rivatex, kiwanda cha nguo kilichoanzishwa miaka ya 1970, kilichochukua pamba na kuitoa ikiwa kitambaa kilichotiwa rangi. Kulikuwa na Raymond, na Ken-Knit. Kulikuwa na KCC ya maziwa. Kulikuwa na maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao, NCPB, ambako lori na trekta zilipanga foleni kila baada ya mavuno. Mji huu, ambao wazee bado wanauita Sixty-four kwa sababu ya nambari ya shamba ulipoanzia, ulikuwa na kitu ambacho miji mingi ya Afrika Mashariki haikuwa nacho: mkulima na mfanyakazi wa kiwanda waliishi umbali wa matatu moja, na kazi ya mmoja ililisha kazi ya mwingine.

Mitumba ilipofunguliwa njia, kitambaa cha hapa hakikuweza kushindana na shati ambalo mwenyewe, huko Ulaya au Marekani, alikuwa amelitupa. Mashine zilikuwa zimezeeka, stima ilikuwa ghali, na usimamizi ulikuwa mbovu. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 Rivatex ilikuwa imelala. Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua kiwanda hicho mwaka 2007, na mwaka 2019 kikazinduliwa tena kikiwa na mashine mpya zilizonunuliwa kwa mkopo kutoka India. Lakini kiwanda si mashine tu. Katika miaka ile ya usingizi wakulima wengi wa pamba waling'oa mimea yao, mafundi wakazeeka, na vijana ambao wangerithi ujuzi ule wakaenda kutafuta maisha kwingine. Mashine unaweza kuagiza kutoka nje. Mtu anayejua uzi unakatika kwa nini, na aliyemfundisha kijana wa jirani kulijua hilo, huwezi kumwagiza.

Maziwa yalipita njia kama hiyo. Soko lake lilifunguliwa mwaka 1992, KCC ikadhoofika, wakulima wakakaa miezi bila malipo, na mwaka 2000 kampuni ikauzwa. Serikali iliirudisha mikononi mwa umma mwaka 2003, na ndiyo New KCC tunayoijua. Watu waliookoa ng'ombe wao katika miaka ile waliuza maziwa kwa chupa barabarani, wakigawana wateja kwa kujuana.

Tusidanganyane kuhusu zamani

Hapa ndipo makala za aina hii huanza kulia na kusema zamani kulikuwa kuzuri. Tusifanye hivyo.

KCC iliundwa mwaka 1925 na walowezi, kwa ajili ya walowezi. Kenya Farmers Association, iliyoanza miaka miwili kabla yake, ilikuwa hivyo hivyo. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, serikali ya kikoloni ilipoweka udhibiti wa mahindi, mzungu alilipwa bei ya juu kuliko Mwafrika kwa nafaka ile ile. Kwa hiyo ukimwambia mkulima mweusi wa miaka ya 1940 kwamba soko huria ni adui wa jamii, angekushangaa. Kwake kuuza mahali anapotaka, kwa bei anayokubali, ulikuwa uhuru kamili. Hatukosei tunapopenda biashara. Babu zetu walinyimwa.

Na baada ya uhuru, mashirika yale ya umma hayakuuawa na soko peke yake. Yaliliwa. Watu waliajiriwa kwa jina la ukoo, magari ya kampuni yakabeba mbao za mkubwa, madeni ya wenye nguvu hayakudaiwa. Hata juzi, mwaka 2018, ilifichuka kwamba wafanyabiashara walikuwa wamelipwa mamilioni na NCPB huku wakulima wenyewe wakingoja malipo ya mahindi yao. Mwaka 2024 mpango wa serikali wa mbolea nafuu, ambao ulikuwa umeshusha bei ya gunia la kilo 50 hadi shilingi 2,500, ukakutwa na mbolea feki ndani yake. Mkulima alipanda, akangoja, na mahindi yakatoka manjano.

Kwa hiyo mtu anayesema "serikali itoke kwenye biashara" hasemi ujinga. Anakumbuka. Lakini kuna hatua moja anairuka. Kwamba mlinzi wa ghala aliiba haina maana kwamba ghala halikuhitaji mlinzi.

Ushuru ukishuka, nani anausikia?

Tuje kwa ushuru, maana hapo ndipo damu inachemka. Kenya imewahi kujaribu kupunguza ushuru kwa kiwango kikubwa, na si muda mrefu uliopita. Aprili 2020, korona ilipoingia, VAT ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14. Kiwango cha juu cha ushuru wa mishahara kikatoka 30 hadi 25, ushuru wa kampuni vivyo hivyo, na anayepata hadi shilingi 24,000 kwa mwezi akaondolewa kabisa. Januari 2021 viwango vikarudi.

Aliyekuwa na kazi ya mshahara aliona tofauti mwisho wa mwezi, na ni vizuri. Lakini fundi wa jua kali wa Langas hajawahi kupewa karatasi ya mshahara. Mama anayeuza sukuma Huruma hakatwi ushuru wa mshahara wowote, kwa hiyo hakuna cha kumpunguzia. Ushuru wake umefichwa ndani ya mafuta ya taa, nauli na unga. Ukipunguza ushuru wa mapato, unamsaidia yule ambaye soko tayari limemwona. Wengi wa wale ambao mhafidhina wetu anawasifu kwa kujitegemea wako nje ya mlango huo.

Kisha mwaka 2023 mafuta yakapandishwa VAT kutoka asilimia 8 hadi 16, na mshahara ukaanza kukatwa asilimia 1.5 ya nyumba. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulitaka mkate utozwe VAT ya asilimia 16 na gari litozwe asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Juni hiyo vijana waliingia barabarani, hapa Eldoret pia, kwenye ngome ya rais mwenyewe. Tarehe 25 waandamanaji waliingia bungeni, na wenzetu wakapigwa risasi wakafa. Kesho yake rais akakataa kutia sahihi.

Unaweza kuisoma siku ile kama ushindi wa wanaotaka ushuru mdogo. Mimi nasoma kitu kingine. Watu wale wale waliokataa mswada hutoa pesa kila wiki bila kulazimishwa: mchango wa matanga, harambee ya karo, sadaka, chama cha Jumapili, sacco ya stage. Mkenya wa kawaida anajitoza ushuru mzito sana. Anachokubali kulipa ni kile anachokiona kikifika. Kwenye chama, daftari linasomwa mbele ya wote, na mweka hazina akikula pesa anajulikana kwa jina na kwao. Hasira ya 2024 ilikuwa ya mtu aliyeombwa mchango mkubwa na mweka hazina asiyesoma daftari. Ukimpunguzia asilimia mbili bila kumsomea daftari, utakuwa umempunguzia maumivu tu, na uhusiano utabaki umevunjika.

Jibu lingine tulilopewa ni mtaji. Hazina ya Hustler ilizinduliwa Novemba 2022, mkopo wa kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Ukiilinganisha na zile programu za simu zinazokunyonya kila wiki, ni nafuu ya kweli. Lakini angalia picha iliyo nyuma yake: mtu mmoja, simu moja, deni moja. Wapanda boda mia kwenye stage moja wote wakikopeshwa, stage inapata pikipiki zaidi na abiria wale wale. Toroli, ile alama ya uchaguzi wa 2022, ni chombo cha mtu mmoja. Hakuna toroli ya watu wawili. Hiyo ndiyo fomula ya kale ikiwa imevaa kofia ya mtaani: ukianguka, umeanguka peke yako.

Shamba si bidhaa kama nyingine

Kuna sheria ya Kenya ambayo inafaa isomwe kama maandishi ya falsafa. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 inasema kwamba muamala wa ardhi ya kilimo hauna nguvu bila idhini ya bodi ya ardhi ya eneo. Bodi inatakiwa kukataa ugawaji ambao unaweza kupunguza uzalishaji wa shamba. Na kwa desturi ya bodi hizo, mume hauzi kimyakimya: mke anaitwa, mara nyingi na watoto wakubwa, na wanaulizwa mbele ya wazee kama wanajua na kama wamekubali.

Fikiria hiyo ina maana gani. Mwenye hati anataka kuuza. Mnunuzi ana pesa. Bei imekubaliwa. Kwa mujibu wa soko huria, mambo yamekwisha. Sheria inasema hapana, kuna watu wengine kwenye muamala huu ambao hawajaandikwa: mke aliyelima, mtoto ambaye hajazaliwa, na shamba lenyewe. Sheria hii haipunguzi ushuru wala haiongezi. Inaingilia soko kwa ajili ya nyumba. Ni sheria ya kihafidhina kabisa, na karibu kila mtu Uasin Gishu anaiona kuwa ya haki, hata yule anayehubiri soko huria asubuhi hadi jioni.

Imekiukwa mara nyingi, si uongo. Mashamba yamekatwa hadi ukubwa ambao trekta haiwezi kugeuka. Mwaka 2023 nchi nzima iliona wazazi wa kaunti hii wakilia kuhusu mpango wa kupeleka wanafunzi Finland na Canada. Familia zilikuwa zimeuza mashamba na ng'ombe kulipia masomo, na vijana wengi hawakuwahi kupanda ndege. Watu walisema wazazi walikuwa na tamaa. Mimi naona wazazi waliofanya hesabu ya soko bila kukosea. Ekari moja ya mahindi, kwa bei inayobadilika kila msimu, haiwezi kushindana na ndoto ya mshahara wa Ulaya. Ukifanya kila kitu kiwe na bei, usishangae watu wakiuza.

Mwanauchumi Mjerumani Wilhelm Röpke, ambaye aliwakimbia Wanazi mwaka 1933 na alipenda soko huria kwa moyo wote, aliandika mwaka 1958 kitabu ambacho jina lake la Kijerumani linamaanisha kuvuka mipaka ya ugavi na mahitaji. Alisema soko linategemea vitu ambavyo lenyewe haliwezi kuvitengeneza: uaminifu, kiasi, familia, watu wanaojuana. Soko linavitumia kama gari linavyotumia mafuta, na lisipolindwa linavimaliza. Mtu yeyote aliyewahi kununua kwa deni kwenye duka la mtaa anaelewa. Deni lile halina karatasi. Linashikiliwa na ukweli kwamba mwenye duka anajua mama yako anakoishi.

Nyumba ya nani?

Lakini Röpke huyo huyo, miaka ya 1960, alitetea utawala wa ubaguzi wa Afrika Kusini. Mtu aliyeandika vizuri kuhusu jamii, ujirani na mizizi aliona ni sawa Waafrika wafungiwe nje ya jamii hiyo. Siwezi kumtaja bila kulitaja hilo, hasa nikiwa naandika kuhusu Eldoret.

Kwa sababu sisi tunajua "kuhifadhi kwetu" kunaweza kugeuka kuwa nini. Tarehe 1 Januari 2008, watu waliokuwa wamejificha ndani ya kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji huu, walichomwa moto, wengi wao wanawake na watoto. Maneno yaliyotangulia moto ule yalikuwa maneno ya nyumba: ardhi ya mababu, watu wetu, wageni. Uchumi unaoanza na jamii ni lazima ujibu swali la nani yumo ndani ya jamii, na ulijibu mapema, kabla ya njaa na kabla ya uchaguzi. Ni kweli, soko halijibu swali hilo vizuri, lakini angalau pesa ya Mkikuyu, ya Mluhya na ya Mkalenjin inanunua sukari ile ile. Hiyo ni heshima fulani, japo ndogo, na mhafidhina asiidharau.

Kuna swali la pili: nani anaibeba hiyo nyumba? Tunaposema familia ndiyo bima ya Mwafrika, mara nyingi tunamaanisha kwamba kuna mwanamke ambaye halipwi. Kogo analea wajukuu watatu wa mabinti walioenda kufanya kazi Nairobi na Saudia. Yeye ndiye shule ya chekechea, hospitali na pensheni, yote kwa pamoja, na hayumo kwenye bajeti yoyote. Kumsifu kwenye hotuba halafu kumwachia mzigo wote ni unafiki. Sera inayoheshimu familia itaanza kwa kuuliza nani amechoka.

Kwa hiyo ninaposema "nyumba" simaanishi ukoo, na simaanishi baba, mama na watoto wawili kwenye kalenda. Namaanisha watu wowote wanaotegemeana na ambao hawawezi kutoroka deni la kutunzana: mjane na wanawe, ndugu watatu kwenye bedsitter moja Kapsoya, mama mmoja na mtoto wake. Kokwet ya zamani, ule mkutano wa majirani chini ya mti, ilikuwa ya wakazi wa mahali pamoja, wa koo mbalimbali. Kilichowaunganisha ni kwamba mvua iliwanyeshea pamoja.

Kipimo

Kama ni hivyo, sera ya uchumi ya mtu anayetaka kuhifadhi ingekuwaje? Sina ilani. Nina kipimo. Kila sera iulizwe: ikimalizika, nyumba zinazoweza kusimama kwa kazi zao zenyewe, bila kuuza kinachowashikilia, zitakuwa zimeongezeka au zimepungua? Punguzo la ushuru linaweza kufaulu kipimo hicho, kama ni la fundi wa Langas. Soko huria linaweza kukifaulu, kama ni mkulima anayefunguliwa mlango. Lakini ni lazima vifanye mtihani, visipewe alama kabla.

Chukua mahindi. Mkulima wa Moiben anataka gunia lipande bei. Mpangaji wa Langas anataka unga ushuke. Kila mwaka serikali inaegemea upande mmoja. Mwaka 2017, mwaka wa uchaguzi, iliagiza mahindi hadi kutoka Mexico na kuuza pakiti ya kilo mbili kwa shilingi 90. Misimu mingine inafungua mipaka wakati mavuno yetu yanaingia ghalani. Soko linawaona hawa kama watu wawili wanaopingana, muuzaji na mnunuzi. Lakini mara nyingi ni mtu na mamake. Yeye anapanga Langas, mama yuko shambani, na gunia moja la mahindi ya mama huja mjini juu ya matatu kila baada ya mavuno. Nyumba haihitaji bei iwe juu sana wala chini sana. Inahitaji ijulikane mapema, ilipwe kwa wakati, na isibadilishwe na tangazo la Jumanne. Uthabiti ni kitu cha kihafidhina kuliko vyote, na wahafidhina wa uchumi huria hawauongelei kabisa.

Chukua ushirika. Kenya ina mojawapo ya mifumo mikubwa ya sacco barani Afrika, na tangu mwaka 2008 kuna sheria maalumu ya kuzisimamia. Zile zenye nidhamu zimejenga nyumba na kusomesha watoto kuliko hotuba zote za viongozi. Ushirika si serikali na si mtu mmoja mwenye toroli. Uko katikati, mahali ambapo wanachama wanajuana kwa sura na daftari linasomwa. Ukitaka kumsaidia mpanda boda, pengine sacco ya stage yake ikopeshwe kununua gereji na pampu yake ya mafuta, badala ya kila mmoja kukopeshwa pikipiki ya kugombania abiria.

Chukua wanariadha. Pesa ya mbio imejenga sehemu kubwa ya mji huu: fleti, hoteli, maduka. Hawakukosea, kwa kuwa ploti hailali njaa na haigomi. Lakini kama kila shilingi inayopatikana kwa jasho inakimbilia ploti, ni kwa sababu sera zetu zimefanya kuzalisha kuwe hatari na kungojea kodi kuwe salama. Ushuru unaweza kusema jambo hapo pia. Kumtoza kidogo anayeajiri watu kumi na tano kuliko anayekaa na ardhi tupu akisubiri bei ipande ni uamuzi kuhusu kazi ipi tunaiheshimu.

Na chukua nguo, tuliyoanza nayo. Hapa gharama ni ya wazi na sitaificha. Ukizuia mitumba leo, unamkata mkono mama anayeuza mitumba leo, ambaye ameisimamisha nyumba yake bila msaada wa mtu. Yeye pia yumo kwenye kipimo. AGOA, mpango wa Marekani ulioanza mwaka 2000, ulituonyesha upande mwingine wa kosa: viwanda vya maeneo ya EPZ vilishona nguo nyingi za kuuza nje, lakini kwa sehemu kubwa kwa kitambaa cha Asia, kwa hiyo mkulima wa pamba hakuhusishwa. Kazi zilipatikana, mnyororo haukurudi.

Lakini kuna nguo ambazo hazigombani na mitumba kwa sababu hazinunuliwi huko. Kila Januari, wazazi wa kaunti hii wanapanga foleni kununua sare za shule. Askari, wauguzi na walinzi wanavaa sare mwaka mzima. Hiyo ni oda kubwa, inayojulikana mapema, inayorudi kila mwaka, katika mji wenye baridi ya Julai ambao una viwanda vinavyojua kutengeneza uzi na kitambaa. Huenda sweta lililofumwa hapa likazidi la kuagizwa kwa shilingi mia moja au mbili. Mzazi mwenye watoto wanne hawezi kubebeshwa tofauti hiyo peke yake, na hapo ndipo ushuru, ule uliosomewa daftari, una kazi ya kufanya. Sisi wengine, tunaoweza, tuulizwe moja kwa moja kama shilingi mia ni nyingi kwa kijana mmoja wa Huruma kufundishwa uzi unakatika kwa nini.